SOMO LA LEO: Visu vya jikoni vya Kizungu, namna ya kuchagua mzigo usiokuumbua



Leo tunazungumza visu vya jikoni. Nakusudia vile ambavyo wateja wetu huviita "visu vya Kizungu": bapa jeupe linalong'aa, mpini mweusi wenye ribiti tatu, kimefungwa kwenye kadi na plastiki. Ukipita maduka ya vyombo Wete, Chake au Mkoani utavikuta. Kuna cha shilingi 3,000 na kuna cha 30,000, na ukivitazama kwa mbali vinafanana kama pacha. Hapo ndipo sisi wenye maduka madogo tunapopigwa.

Mimi nilipigwa. Nikuelezeni kwanza ilivokuwa, halafu tuingie kwenye somo.

MZIGO WANGU WA KWANZA

Nilipoanza kuuza vyombo nilikwenda Unguja kufunga mzigo. Kwenye duka moja la jumla nikaoneshwa visu. Vizuri, vimepangwa, kwenye bapa pameandikwa "STAINLESS STEEL" na chini yake "GERMANY". Bei ya jumla 2,000 kwa kimoja. Nikaona hapa nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikachukua dazeni tano, visu 60. Hela ya visu 120,000, na nauli ya mzigo mpaka dukani Wete 10,000. Jumla 130,000.

Nikaviuza 3,500 kimoja. Mwanzo vilikwenda, nikauza 38. Nikapata 133,000, nikajiona mjanja. Halafu vikaanza kurudi. Huyu anasema kimepinda kwa kukata muhogo. Yule anasema hakina makali hata wiki haijesha. Mwengine kaleta kisu kina madoa ya kutu na kadi yenyewe imeandikwa hakishiki kutu. Vilirudi 14, nikarudisha hela za watu, 49,000. Vilivobaki dukani, 22, vikaanza kutoa kutu ndani ya plastiki yake, hata havijafunguliwa.

Piga hesabu mwenyewe: 133,000 toa 49,000 inabaki 84,000. Mtaji ulikuwa 130,000. Hasara 46,000, na visu 36 vya kutupa.

Lakini hiyo siyo hasara yenyewe hasa. Kuna bi mkubwa mmoja jirani yetu, anakaanga muhogo na samaki jioni, na ni mteja wangu wa tangu siku ya kwanza. Alinunua kimoja. Siku ya tatu anamenya muhogo, bapa likazunguka ndani ya mpini, makali yakageukia kiganja chake. Akashonwa nyuzi tano. Wiki mbili hakukaanga kitu, na ile ndiyo riziki yake.

Alipokuja dukani mkono umefungwa, mimi nikakimbilia kwenye droo ya pesa. Akaniambia, "Mwanangu, sikujia pesa. Nimekuja unioneshe kisu ambacho ungempa mamako."

Wallahi nilitazama rafu nzima sikukiona.

Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza visu. Nimesoma, nimeuliza wauza nyama na wapishi wa hoteli, nimevunja visu vyangu mwenyewe nione ndani mna nini. Ninayokupeni hapa ndiyo niliyoyapata. Swali la bi mkubwa ndilo kipimo cha somo lote: kabla hujalipa, jiulize kama kisu hiki ungempa mamako.

1. MANENO KWENYE BAPA SI USHAHIDI

Tuanze hapa kwa sababu ndipo nilipodanganyika.

Huko Ulaya kuna miji ambayo kazi yake ya miaka mingi ni visu. Uingereza kuna Sheffield, Ujerumani kuna Solingen, Ufaransa kuna Thiers. Zamani Sheffield ndiyo iliyokuwa na jina kubwa, na wengine wakawa wanatia jina lake kwenye visu visivyotoka huko. Mwaka 1887 Waingereza wakapitisha sheria kwamba bidhaa za nje zisiuzwe kwao kwa alama za kudanganya, na zioneshe nchi zilikotoka. Hapo ndipo "Made in Germany" ilipopata nguvu. Mwanzo ilikuwa ni onyo kwa mnunuzi Mwingereza, baadae Wajerumani wakatengeneza vizuri hadi likawa neno la sifa. Na wao nao likawafika lile lile: jina la Solingen likaigwa mpaka mwaka 1938 likawekewa sheria ya kulilinda.

Kwa hivo feki si jambo la leo, wala si la Kariakoo na Darajani peke yake. Chukua haya:

- "Germany" peke yake haimaanishi kisu kimetengenezwa Ujerumani. Wala "German quality", wala "German technology", wala "German steel". Kinachotengenezwa huko huandikwa "Made in Germany", na kikitoka Solingen hutajwa Solingen. Hata hayo pia yanaigika, kwa hivo endelea na vipimo vya chini.

- "Inox" si jina la kampuni. Ni kifupi cha neno la Kifaransa, maana yake kisichoshika kutu. "Rostfrei" ni Kijerumani, maana yake ndiyo hiyo hiyo. Kampuni ya Victorinox ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1884 pale Ibach, jina lake limetokana na Victoria, mama wa mwanzilishi, likaongezwa "inox" mwaka 1921. Mteja akikwambia "nataka kile cha Inox", muulize anataka chapa gani, maana neno hilo lipo kwenye visu vizuri na vibaya.

- Soma jina herufi kwa herufi. Feki nyingi hubadilisha herufi moja au hugeuza alama kidogo. Kama humjui muuzaji, piga picha nembo, linganisha na ya kampuni yenyewe kwenye simu yako kabla hujalipa.

- Kutoka China si kosa. Mji wa Yangjiang huko China ni mji wa visu, na hutoka humo vizuri na vibaya. Tramontina ni ya Brazil, ipo tangu 1911, nayo inatengeneza visu vya mtindo huu wa Kizungu. Sisi tunatafuta chuma na kazi, si bendera.

2. CHUMA: HIKI NDICHO UNACHOKINUNUA

Chuma cha kisu kina vitu viwili vya kuvijua. Kaboni ndiyo inayokipa ugumu, yaani makali yakae. Kromiamu ndiyo inayokikinga na kutu. Ukizidisha upande mmoja unapunguza mwengine, kwa hivo fundi anatafuta kati na kati.

Visu vingi vizuri vya Kijerumani vinatumia chuma chenye kaboni kama nusu asilimia na kromiamu kama asilimia 15. Baadhi vimeandikwa kwenye bapa X50CrMoV15, au nambari 1.4116. Ukiiona, ni dalili nzuri. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na visu vya Ulaya vingi huwa kati ya 54 na 58. Visu vya Kijapani hufika 60 na zaidi.

Sasa mtu atasema, basi tulete vya Kijapani si ndiyo vigumu zaidi? Hapana. Chuma kigumu sana hukaa na makali muda mrefu lakini ni kama kigae, ukikigonga kwenye mfupa wa kichwa cha samaki kinameguka. Na kukinoa kunataka jiwe zuri na utulivu. Cha Ulaya ni laini kidogo. Makali yakichoka yanalala, hayavunjiki, na ukikipitisha kwenye jiwe yanarudi. Kwa jikoni zetu, ambapo kisu kimoja kinakata tungule, changu na muhogo, na ambacho kila mtu nyumbani anakishika, hicho ndicho kinachotufaa.

Kuna mtego mwengine hapa. Ukiona kisu kimeandikwa "18/10" au "18/8", kuwa macho. Hicho ni chuma cha vijiko na masufuria: kromiamu asilimia 18, nikeli 10 au 8. Hakishiki kutu kweli, lakini hata ukikipasha moto na kukizima ghafla hakiwi kigumu kama chuma cha kisu. Utauza kijiko chenye ncha.

KIPIMO CHA SUMAKU. Toa sumaku kwenye spika mbovu, tembea nayo mfukoni. Chuma cha kisu kinachozimishwa kikawa kigumu hushika sumaku vizuri. Bapa likikataa sumaku, au likishika kwa mbali sana, liache. Lakini fahamu: kushika sumaku hakuthibitishi kwamba kisu ni kizuri, maana hata bati la paa hushika. Sumaku inakusaidia kukataa, haikusaidii kukubali.

Na jambo la kumwambia mteja kila siku: "hakishiki kutu" maana yake kinachelewa kushika kutu. Hapa kwetu hewa ina chumvi, tunakatia ndimu na ukwaju, halafu kisu kinalala kwenye karai la maji usiku kucha. Hata kizuri kitatoa vidoa. Kioshwe, kifutwe, kikauke.

3. MPINI: HAPA NDIPO WATU WANAPOUMIA

Bapa la kisu lina mkia unaoingia ndani ya mpini. Mkia ndio unaobeba kazi yote. Vile visu vyangu 60, nilipovivunja, mkia ulikuwa mfupi kama kidole gumba na mwembamba kama msumari, umetiwa gundi. Zile ribiti tatu zilikuwa pambo, hazikupita popote. Ndiyo maana bapa lilizunguka.

Angalia hivi:

- Kwa mpini wa vipande viwili vyenye ribiti: tazama kisu upande wa mgongo wa mpini. Unatakiwa uone chuma katikati, kama nyama ndani ya mkate, kutoka mwanzo mpaka mwisho au karibu na mwisho. Ribiti ya kweli inatokea pande zote mbili na imelala sawa na mpini. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, maji na uchafu wa samaki utakwama pia.

- Kwa mpini wa plastiki ulioyeyushiwa juu ya chuma: huuoni mkia. Usivikatae kwa sababu hiyo, wauza nyama wengi wanatumia hivi hivi kwa sababu havina ufa wa kuingiza maji. Shika bapa kwa kitambaa, jaribu kuuzungusha mpini. Usitoe hata mlio. Gonga mpini kwenye meza. Ukisikia kitu kinacheza ndani, rudisha.

- Tia mkono maji, au mafuta kidogo, kisha ukishike. Mamako atakishika akiwa anasafisha samaki. Kikiteleza kwako dukani, kitateleza kwake.

- Mpini wa mbao ni mzuri kwa macho, lakini mwambie mteja asiuloweke. Mbao ikivimba na kukauka kila siku hupasuka.

4. BAPA: TAZAMA, USIPAPASE

Utasikia habari za kisu cha kufuliwa na kisu cha kukatwa. Cha kufuliwa, chuma kinapashwa moto na kugongwa kikapata umbo, mara nyingi kina nundu nene ya chuma kati ya bapa na mpini, na ni kizito. Cha kukatwa kinatolewa kwenye bamba la chuma kwa mashine, ni chepesi na bei yake chini. Watu husema cha kufuliwa ndiyo kizuri peke yake. Si kweli. Kuna vya kukatwa vya Uswisi vinafanya kazi machinjioni miaka. Kinachotakiwa ni chuma kizuri kilichopashwa moto na kuzimwa sawasawa.

Vipimo vyangu ni hivi:

- Kiweke usawa wa jicho, tazama toka mpini hadi ncha kama fundi anavotazama mbao. Kinyooke.
- Tazama mgongo. Unene upungue kuelekea nchani, na bapa lipungue kutoka mgongoni kuja kwenye makali. Kisu chenye unene mmoja kama rula kitapasua kiazi badala ya kukikata.
- Elekeza makali kwenye mwanga wa taa. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona mstari unaong'aa au vidoa vya mwanga, hapo pana butu.
- Kata karatasi. Kisu kipya kizuri kinapita. Kikichana badala ya kukata, jua kazi ya kunoa itakuwa yako.

Mwenye duka la jumla akikukatalia kufungua hata kimoja kwenye kadi yake, mwambie "ahsante" na uendelee mbele.

5. UMBO: MUULIZE MTEJA ANAKATIA WAPI

Hili halikuandikwa popote nilipotafuta, nimelijua kwa kukaa dukani.

Kisu kikubwa cha mpishi wa Kizungu, bapa kama sentimita 20, tumbo limejikunja, kimetengenezwa kwa mtu aliesimama mezani na ana ubao wa kukatia. Kinabembea juu ya ubao. Sasa wateja wetu wengi wanakata vipi? Bibi amekaa kwenye kibao, sufuria iko mbele, kitunguu kiko mkononi, anakikatia hewani kinaangukia sufuriani. Muhogo hivo hivo, mbatata hivo hivo. Ukimuuzia huyu kisu cha sentimita 20 umemuuzia hatari.

Kwa hivo mimi siku hizi nauliza kwanza: "Mama, unakatia mkononi au kwenye ubao?"

- Mkononi: kisu kidogo cha kumenyea, bapa sentimita 8 mpaka 10. Hiki ndicho kinachotoka zaidi, na ndicho cha kuanzia.
- Mkononi na ubaoni, mchanganyiko: cha kati, kama sentimita 15.
- Ubaoni, wenye nyumba za wageni, vijana waliosomea upishi: cha sentimita 20.
- Samaki kwa wingi: chembamba kirefu kinachonesa kidogo, kifuate mfupa.
- Mkate na keki: chenye meno. Mwambie hakinoleki kwa jiwe la kawaida.

Na mfupa, kichwa cha jodari, au kuvunja nazi? Hiyo ni kazi ya panga au shoka. Mwambie mteja kabla hajanunua, usimwambie akishakirudisha.

Karibu na Idi Kubwa watu watakuja kutafuta cha kuchinjia. Hicho kiwe kirefu, makali yamenyooka, hakina pengo wala meno, na kiwe kimenolewa. Dini yenyewe imetuamrisha kunoa kisu ili mnyama asiteseke, kwa hivo usimpe mtu kisu butu ukamwambia atajua mwenyewe.

Zile seti za visu sita au kumi ndani ya boksi la mbao, mimi siziweki. Mteja analipia visu vinne ambavyo hatavigusa, na pesa ikigawanywa kwa visu kumi, kila kimoja kinakuwa cha rahisi.

6. HESABU YA MZIGO MDOGO

Mzigo wangu wa pili niliuchukua hivi: vidogo 8 kwa 5,000, ni 40,000. Vya kati 4 kwa 14,000, ni 56,000. Nauli 4,000. Jumla 100,000. Visu 12 tu, rafu ilionekana tupu, na rafiki yangu alinicheka.

Vidogo niliuza 7,500, vikesha baada ya wiki tatu. Vya kati niliuza 20,000, vilichukua kama miezi miwili, cha mwisho kilitoka msimu wa karafuu ulipofunguka watu wakawa na pesa mkononi. Jumla 60,000 na 80,000, ni 140,000. Faida 40,000. Havikurudi.

Linganisha na visu 60 vilivyonipa hasara 46,000.

Sitaki nikudanganye kwamba ni rahisi. Mteja wa kijijini ukimtajia 7,500 wakati jirani yako anauza 3,000, anaondoka. Usimkashifu jirani yako. Mpe mteja visu viwili mkononi, cha kwako na kile cha rahisi, mpe na tungule moja. Akate mwenyewe. Tungule moja haikufilisi. Na kama hana uwezo kweli, kidogo kizuri cha 7,500 kitamfaa kuliko kikubwa kibovu cha hela hiyo hiyo.

Anza na mtaji ambao vikilala miezi miwili hutalala njaa. Pesa ya kisu cha 20,000 inarudi polepole. Usichukue pesa ya mchele na sukari ukaiingiza kwenye visu.

7. KISU HAKIUZWI BILA KUNOA

Kisu kizuri kikiwa butu ni hatari kuliko kibaya chenye makali, kwa sababu butu unakikandamiza, na ukikikandamiza kinateleza. Kwa hivo mimi nimeweka jiwe dukani. Niliemuuzia kisu namnolea bure mara ya kwanza. Wengine wanalipia kidogo. Anaekuja kunoa anaondoka na sabuni, na chumvi, na kibiriti.

Kunoa kwenyewe: tia jiwe maji. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, hiyo ni pembe ya mraba. Kilaze nusu, halafu nusu tena, halafu punguza kidogo. Hapo umefika kwenye nyuzi 20 hivi, ndiyo pembe ya visu vya Kizungu. Sukuma toka karibu na mpini mpaka ncha, pembe isibadilike, upande huu kisha upande ule, hesabu sawa. Ukisikia kwa kidole ubavuni kijiukingo kidogo cha chuma kimegeukia upande wa pili, geuza. Malizia kwa kupitisha pole pole bila kukandamiza. Jiwe lenye pande mbili, moja kama 400 na moja 1000, linatosha kabisa.

Kile chuma cha mviringo kama fimbo ambacho wauza nyama wanacho hakifanyi kazi ya jiwe. Kinanyoosha makali yaliolala, yaani kinachelewesha siku ya kunoa. Ni kizuri kuwa nacho, lakini usimuuzie mtu ukamwambia kinatosha.

Tafadhali usikinoe kwenye mashine ya fundi vyuma. Chuma kikipata moto makali yakageuka rangi ya buluu, ule ugumu wake umeshaondoka pale, na haurudi kwa kunoa.

Na vya dukani vitunze. Visikae kwenye boksi la karatasi sakafuni, karatasi inanyonya unyevu. Vipake mafuta mepesi ya cherehani, vifute kila wiki, na mwambie mteja akioshe na sabuni kabla ya kukitumia.

MUHTASARI WA KWENDA NAO GHALANI

1. Soma maneno, usiyaamini.
2. Sumaku ishike.
3. Mpini usicheze, ribiti iwe ya kweli, mkono wa maji usiteleze.
4. Bapa limenyooka, linapungua unene, makali hayang'ai.
5. Karatasi ikatike.
6. Chukua vichache, vidogo kwanza.
7. Jiwe la kunolea liwe dukani.

Yule bi mkubwa nilimpa kisu kidogo kimoja, sikuchukua hela yake. Alikishika, akauzungusha mpini mara mbili tatu, akautazama ubavuni, ndipo akakitia kwenye mkoba. Mpaka leo kila akija kunoa anapima kwanza vile vipya vya rafuni, na mimi namuacha apime. Kovu liko kwenye kiganja chake na nitaliona kila akinipa pesa.

Kazi ya nyumbani: leo ukifunga duka, chukua kisu kimoja katika unavyoviuza, ukipitishe kwenye vipimo hivi saba. Kikishindwa, kitoe rafuni kabla hakijamfika mtu. Hasara ya kisu kimoja utaifidia. Mpelekee somo hili na mwenzako anaeuza vyombo.

Biashara njema, na Mungu atupe riziki ya halali.